Rasa zilezile, sanaa nne: Bharatanatyam, Kathak, Kathakali au Kutiyattam?

Mwanamke amejipamba, amewasha taa, anamsubiri mpenzi wake. Usiku unakwenda, mpenzi haji. Tukio hili limo katika sanaa zote nne za Kihindi tunazozilinganisha hapa, na ndilo kipimo kizuri cha kuzitofautisha. Mchezaji wa Kathak ataketi kitako, atachukua mstari mmoja wa wimbo wa thumri na kuurudia mara saba, mara nane, kila safari kwa jicho jingine. Dakika 10 hazijapita sana, kazi imekwisha. Katika Bharatanatyam subira hiyo itawekwa ndani ya varnamu, kipande kikuu cha onyesho, cha nusu saa au zaidi, ikikatizwa kila mara na vishindo vya miguu. Kathakali itaicheza kwa mwendo wa kujikokota, hata mtazamaji mgeni adhani waigizaji wamesahau zamu zao. Kutiyattam inaweza kuifanya kazi ya usiku kucha, na kesho ikaendelea pale ilipoishia.

Anayetaka kujifunza kuonyesha hisia kwa njia ya Kihindi huwa anachagua kwa mavazi, au kwa alichokiona kwenye filamu. Sisi wa pwani ndio kabisa: tumelelewa na filamu za Kihindi, taarabu imeazima mahadhi humo, basi mtu akisema "ngoma ya Kihindi" kichwani ana vipande vya Kathak vilivyochanganywa na kila kitu. Maswali yanayofaa ni mawili tu. Hisia itabebwa na sehemu gani ya mwili wangu? Na nitapewa muda gani nayo?

Chungu chao ni kimoja

Zote nne zinarejea Natyashastra, kitabu cha Kisanskriti cha uigizaji kinachonasibishwa na Bharata, ambacho wataalamu wengi hukiweka takriban kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na 200 baada yake. Sura ya 6 inahusu rasa, sura ya 7 inahusu bhava. Rasa ni ladha, ni utomvu wa kitu. Bharata mwenyewe anaifananisha na chakula kilichoungwa kwa viungo vingi: mlaji anafurahia kitu kimoja, hahesabu viungo. Fikiria pilau. Ukiipata bizari peke yake mdomoni, mpishi amekosea.

Rasa zake ni 8: mahaba (shringara), kichekesho (hasya), majonzi (karuna), ghadhabu (raudra), ushujaa (vira), hofu (bhayanaka), kinyaa (bibhatsa) na mshangao (adbhuta). Ya tisa, utulivu (shanta), iliingizwa baadaye na kutetewa kwa nguvu na Abhinavagupta, mwanafalsafa wa Kashmir aliyeishi karibu na mwaka 1000. Ndiyo sababu siku hizi neno linalosikika ni navarasa, yaani rasa tisa.

Viungo vya kuzipika ndivyo bhava, yaani hali za hisia, na jumla yake ni 49: 8 za kudumu, 33 za kupita tu (wasiwasi, haya, uchovu, wivu na wenzao), na 8 ambazo mwili hujifanyia wenyewe: kuganda, kutoka jasho, vinyweleo kusimama, sauti kukatika, kutetemeka, kubadilika rangi, machozi, kuzimia.

Hesabu hii si ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Inaeleza kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi, nalo ni kuirukia rasa. Akiambiwa "onyesha majonzi" anashusha pembe za mdomo, anakunja paji la uso, basi. Hapo amevaa barakoa. Utaratibu ni mwingine: kwanza kuwe na kisababishi, mboni zione kitu mahali maalumu, kisha mwili ujibu kwa pumzi, kwa bega, kwa kope, halafu zile za kupita zipite, tumaini kidogo, shaka, haya, tumaini tena. Majonzi hujikusanya chini yake yenyewe. Barakoa huchukua sekunde 2, njia hii huchukua 20, na mtazamaji huamini ya pili.

Jingine: mchezaji hadaiwi machozi ya kweli. Abhinavagupta anamwita mwigizaji chombo. Chungu hakionji mchuzi. Anayeonja ni aliyekaa mbele yake. Kwenye nadharia hakuna anayebisha. Kwenye mazoezi, kila sanaa ina chungu chake.

Bharatanatyam: hisia kwa awamu

Hii ni ya Tamil Nadu, kusini mwa India. Mpangilio wa onyesho lake uliwekwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ndugu wanne wa Thanjavur: alarippu, jatiswaram, shabdam, varnam, padam, javali, tillana. Kwa mwanafunzi mpangilio huo una maana ya moja kwa moja. Vipande viwili vya kwanza ni mwili peke yake, hesabu na mistari. Uso unaanza kufanya kazi kwenye shabdam. Kwa hiyo utakaa miaka na hatua za msingi, adavu, magoti yamekunjwa nje na mgongo umenyooka, kabla hujaambiwa neno lolote la maana kuhusu hisia. Aliyekuja kwa ajili ya hisia peke yake huchoka hapa.

Akivumilia anakutana na varnamu, kipande kikubwa kuliko vyote. Mstari wa wimbo huchezwa kwanza neno kwa neno, halafu hupanuliwa kwa sanchari, yaani mchezaji anatoka nje ya maneno na kusimulia kwa mikono na uso jambo linalohusiana nayo: siku walipokutana, maua aliyoletewa, jirani aliyewachungulia. Anacheza wahusika wote peke yake. Katikati ya mistari huingia jati, mfululizo wa miguu ya kasi. Na hapo ndipo varnamu nyingi zinapoharibikia: mchezaji anatoka kwenye jati anahema, mdomo wazi, na wimbo unamtaka awe mwanamke aliyekata tamaa. Uso hauwezi kupokea amri mbili. Walimu wazuri hufundisha kumaliza jati kwa pumzi ya kutoka, kufunga mdomo, na kusubiri pigo moja au mawili kabla ya kunyanyua macho. Kosa la pili ni tabasamu la kudumu. Wanafunzi huambiwa watabasamu wakati wa adavu ili uso usikunjamane, kisha wanalibeba tabasamu hilo hadi kwenye hofu na kinyaa.

Kanuni yake maarufu inatoka katika kitabu cha Abhinaya Darpana cha Nandikeshvara: mkono uendapo, jicho lifuate, jicho liendapo, akili ifuate, akili iendapo, bhava ifuate, bhava ilipo, rasa huzaliwa. Maana yake ni kwamba hapa mlango wa hisia ni mkono. Ishara za mkono mmoja katika kitabu hicho ni 28, na kidole kikilegea maana inalegea. Mwenye mikono myepesi yuko kwake.

Ukitafuta mwalimu, muulize anaionaje shringara. Si swali la kizushi. Katika karne ya 20 wakubwa wawili walitofautiana juu yake. Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha Kalakshetra mwaka 1936 huko Madras, aliisukuma sanaa upande wa ibada. T. Balasaraswati, mtoto wa ukoo wa wachezaji wa kurithi, alishikilia kwamba mahaba ndiyo moyo wa sanaa hiyo na kwamba hayahitaji kusafishwa. Mwalimu wa upande wa kwanza atakupa mistari safi ya mwili na abhinaya (uigizaji wa hisia) ya kiasi. Wa upande wa pili atakuketisha na padamu, wimbo mmoja wa polepole, mpaka ushangae mstari mmoja una maana ngapi. Kwa anayetafuta hisia, wa pili ana mengi zaidi ya kutoa, ingawa ni wachache.

Kathak: hisia kwa kudokeza

Kathak ni ya kaskazini, na sura yake ya hisia ilipikwa sana Lucknow, kwenye baraza la Wajid Ali Shah, mtawala wa Awadh aliyeondolewa na Waingereza mwaka 1856. Bindadin Maharaj wa Lucknow aliacha thumri nyingi, na mjukuu wa nduguye, Birju Maharaj (1938–2022), aliupeleka mtindo huo kila pembe ya dunia.

Hapa uso haujapakwa rangi za kinyago na nyusi hazirukiruki. Hisia inadokezwa. Katika gat, kipande cha matembezi, mchezaji anatembea na mtandio wa kuwazia tu: vidole viwili vinashika ukingo usiokuwepo, vinauvuta hadi usawa wa nyusi, jicho moja linachungulia, vinauachia. Ni hayo tu, na ukumbi unaguna. Ni sanaa ya mtu anayejua kunyamaza katikati ya sentensi.

Hasara yake ni kwamba nusu nyingine ya Kathak ni kasi: mizunguko, na miguu yenye njuga 100 au zaidi kila mmoja, ikishindana na tabla ndani ya mapigo 16 ya teental. Makofi ya ukumbi huwa huko. Mwanafunzi anaona hivyo na kuyakimbilia makofi. Baada ya miaka mitano ana miguu ya ajabu na uso wa mtu anayesubiri daladala. Ukichagua Kathak kwa ajili ya hisia, mwambie mwalimu tangu mwanzo kwamba unataka thumri ya kukaa kitako, na uangalie kama anaijua mwenyewe.

Kathakali: hisia machoni, na rangi si hisia

Kathakali ni ya Kerala, kusini mwa India, ya karne ya 17. Tuanze na kosa la watazamaji, maana hupotosha uchaguzi. Rangi ya uso haionyeshi hisia. Inaonyesha aina ya mhusika. Kijani (paccha) ni shujaa mwema kama Nala au Arjuna. Kijani chenye alama nyekundu na vidoto vyeupe puani na kwenye paji (katti) ni mwenye kiburi kama Ravana, mfalme wa mashetani. Ndevu nyekundu ni mkorofi, nyeupe ni Hanuman, uso wa minukku wa kung'aa kidogo ni wanawake na watawa. Nala akiwa kwenye mahaba ni kijani, akifilisika kwa kamari ni kijani vilevile. Kwa kuwa rangi imeganda, hisia yote inahamia kwenye kitu pekee kilichobaki hai: macho.

Ndiyo maana macho hutiwa wekundu. Sehemu ndogo ya ndani ya ua la chunda, mmea wa jamii ya bilinganya, husuguliwa kiganjani hadi iwe nyeusi, huwekwa samli, na kabla ya onyesho hutiwa ndani ya kope za chini. Mboni huzungushwa, na baada ya dakika chache weupe wa jicho unageuka mwekundu. Mbele ya kandili kubwa la shaba lenye mafuta ya nazi, jicho jekundu ndani ya uso wa kijani huonekana hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. (Usijaribu nyumbani, hasa ukivaa lenzi.) Fremu nyeupe inayozunguka taya, chutti, zamani ilijengwa kwa tabaka za unga wa mchele na chokaa, siku hizi huongezwa karatasi. Kazi ya kupaka huchukua saa tatu au nne, mwigizaji amelala chali. Fremu hiyo haipendi taya lifunguke sana, kwa hiyo kicheko na kilio vinahamishiwa mashavuni na kwenye kope.

Mazoezi ya macho hufanywa alfajiri, samli ikiwa imepakwa, vidole vikishikilia kope zisifumbe: juu na chini, kushoto na kulia, pembe hadi pembe, duara, umbo la nane, kwa kasi tatu. Tazama tofauti ya ghadhabu na ushujaa, ambayo wanaoanza huichanganya kila siku. Katika zote mbili macho yamefunguka. Katika ushujaa kope za chini zimetulia na shingo imejaa. Katika ghadhabu kope za chini zinatetemeka, tundu za pua zinatanuka, midomo inabana. Asiyeweza kuitikisa kope ya chini bila kukunja pua ataigiza ghadhabu inayofanana na kinyaa, na watu watacheka.

Maneno huimbwa na waimbaji wawili nyuma, mwigizaji haongei. Anatafsiri wimbo kwa ishara 24 za msingi zinazounganishwa kuwa mamia ya maneno. Mahaba huchezwa kwa mwendo wa polepole kuliko wote, na hapo ndipo wajuzi hupima mtu. Vita na ngoma ya chenda ni vya wageni.

Gharama yake ni mwili. Kerala Kalamandalam, iliyoanzishwa mwaka 1930 na mshairi Vallathol Narayana Menon, huchukua watoto na kuwalea kwa miaka mingi, pamoja na kukandwa mgongo kwa miguu ya mwalimu wakati wa mvua. Kwa jadi ni sanaa ya wanaume, ingawa katika mji wa Tripunithura kuna kundi la wanawake peke yao tangu mwaka 1975. Mtu mzima anaweza kupata kozi fupi, ila aende akijua atatoka na macho na ishara kadhaa. Uhusika mzima hautoshi humo.

Kutiyattam: hisia kwenye pumzi

Hii nayo ni ya Kerala, na ni kongwe kuliko zote nne: maigizo ya Kisanskriti yaliyohifadhiwa na koo za Chakyar ndani ya kumbi za mahekalu. UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2001, na inasema mwigizaji huhitaji miaka 10 hadi 15 ya mafunzo ili adhibiti pumzi na misuli midogo ya uso, na kwamba onyesho kamili linaweza kufika siku 40. Kwa kawaida kinachochezwa ni tendo moja tu, si tamthilia nzima. Na kabla ya tendo, mhusika hurudi nyuma na kusimulia peke yake jinsi alivyofika pale alipo.

Tuikaribie kidogo. Ravana amezuiwa njia na mlima Kailasa, anaamua kuung'oa. Mwigizaji yuko peke yake, hakuna pazia lililochorwa, hakuna mlima. Anashusha macho hadi chini ya mlima na kuyapandisha taratibu, pumzi ikipanda nayo, hadi shingo inakaribia kuvunjika. Halafu kushoto hadi mwisho wa mlima, halafu kulia. Nyuma yake mizhavu, chungu kikubwa cha shaba kilichowambwa ngozi, kinayafuata macho yake, si kinyume. Mlima unaonekana. Hiyo ni adbhuta iliyopikwa na kisababishi kisichokuwepo, na hakuna sanaa nyingine kati ya hizi inayokupa dakika nyingi namna hiyo za kuiangalia ikiiva. Wakubwa wa karne ya 20, Mani Madhava Chakyar na Ammannur Madhava Chakyar, walisifiwa hasa kwa hilo: macho na pumzi.

Mambo mawili yanaitofautisha zaidi. Hapa mwigizaji hutoa sauti, akighani beti za Kisanskriti kwa mahadhi yanayobadilika kulingana na rasa. Na wanawake, Nangiar, wamekuwa jukwaani siku zote, hata wana onyesho lao la peke yao, Nangiarkoothu.

Kinachoharibika kwa mwanafunzi ni kubana pumzi. Anataka nguvu usoni, anajaza kifua na kuifunga, mishipa ya shingo inasimama, na kila rasa inageuka ghadhabu. Dalili yake ni kizunguzungu ndani ya dakika mbili. Ukiipata, punguza, usikaze.

Nani aende wapi

Mwigizaji wa jukwaa au filamu asiyetaka kucheza ngoma, ila anataka uso na pumzi vimtii, aende Kutiyattam, hata kwa kozi ya wiki chache. Kathakali inamfaa akitaka macho na mwili mkubwa wa kuonekana mbali. Mwimbaji, au mtu wa maneno na kejeli, atajikuta nyumbani kwenye Kathak, maana thumri inamfundisha kubadili maana bila kubadili mstari. Mwenye watoto wa kulea kwenye sanaa kwa miaka, au anayependa ngazi zilizo wazi, achukue Bharatanatyam. Mafunzo yake yamepangwa kuliko yote, na pamoja na Kathak ndiyo rahisi kupata mwalimu Nairobi au Dar es Salaam, ambako jamii za Wahindi huzifundisha. Kwa zile mbili za Kerala huna budi kusafiri. Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni, ICCR, hutoa ufadhili kwa wageni wanaokwenda kusomea ngoma na muziki, ulizia ubalozini.

Mwenye magoti mabovu aepuke kuanza na Kathakali na Bharatanatyam, zote hukaa chini kwa magoti yaliyokunjwa. Kuna na Odissi, ngoma nyingine ya Kihindi, yenye mahaba laini ya nyimbo za mshairi Jayadeva za karne ya 12, lakini hapo tungehitaji ukurasa mwingine.

Ukisita bado, jipime kwa wiki mbili. Kila siku dakika 20 mbele ya kioo. Dakika 5 za mwanzo ni macho tu, pande nane, kichwa kimetulia. Weka kitabu utosini, kikianguka kichwa kimefuata jicho. Dakika 5 mikono: shika mtandio wa kuwazia, uvute, uachie. Dakika 5 pumzi: panda mlima kwa macho, pumzi ikiingia taratibu, shuka ikitoka. Dakika 5 za mwisho cheza yule mwanamke anayesubiri, umeketi, bila kunyanyuka. Angalia ni kipi kati ya macho, mkono na pumzi kilichokuja chenyewe.

Siku ya 14 jirekodi kwa simu, zima sauti, mpe mtu asiyejua lolote aangalie. Usimwulize umeonyesha hisia gani. Mwulize ulikuwa unaangalia nini. Akisema "mlangoni", uko tayari kumtafuta mwalimu. Akisema "ulikuwa na huzuni", rudia wiki mbili nyingine.